Mfano wa Kumi na Nne: Miaka Thelathini na Minne ya Mhandisi Darinka Bojović

Mhandisi Darinka Bojović anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Mafunzo ya Ujenzi hapa Podgorica kwa miaka thelathini na minne, miezi minne na siku kumi na tisa. Siku hizo kumi na tisa sikuzihesabu mimi. Alizihesabu mwenyewe, akaniletea kwenye kikaratasi, akaniambia nikiandika "takriban" atanirudishia makala yote kwa wino mwekundu.

Mimi ni Zorica Pejović. Nimekaa kwenye meza inayotazamana na yake kwa miaka kumi na saba, na uongozi umeniomba niandike kitu kifupi cha kuchangamsha kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Kifupi hakitakuwa. Cha kuchangamsha nitajaribu, lakini kuna siku moja katika utumishi wa Darinka ambayo haichangamshi hata kidogo, na bila siku hiyo huwezi kumweleza mtu Darinka ni nani.

Alikuja kwetu Februari 1991, ana miaka ishirini na tisa na ameshajenga madaraja mawili. Tulimjua haraka. Mkurugenzi wa wakati ule aliponasa ndani ya lifti, wengine walikimbilia fundi. Darinka alisimama mlangoni akasoma kwa sauti kibao cha uzito wa mwisho unaoruhusiwa, kisha akamuuliza mkurugenzi, kupitia ufa wa mlango, ana kilo ngapi. Mkurugenzi alimnunia mwezi mzima, ila lifti haikumnasa tena, maana alianza kupanda ngazi.

Mwaka 2012 akakabidhiwa kazi iliyomjengea jina: kuwafundisha wahandisi wa nchi nzima kutumia viwango vya pamoja vya Ulaya katika kukokotoa nguvu za majengo. Darasa la kwanza lilikuwa na watu ishirini na wawili. Wastani wa umri ulikuwa miaka hamsini na minane, wastani wa hasira haukupimwa. Walikuja na kahawa zao, na chupa moja ya rakija, pombe kali ya matunda, iliyozunguka chini ya madawati kama karatasi ya kuibia mtihani.

"Binti," mzee mmoja kutoka kaskazini alimwambia siku ya kwanza, "mimi theluji nimeikoga tangu utotoni. Hao wa Brussels wataniambia nini kuhusu theluji?"

"Hawakwambii kitu, mzee wangu. Ukurasa wa theluji wametuachia wazi tuujaze wenyewe. Sasa weka hiyo chupa mezani tuione, tuujaze."

Somo lake kubwa alilifundisha kwa chumvi. Katika vitabu vya zamani, alisema, mzigo unauacha ulivyo, lakini nguvu ya chuma unaipunguza sana; chumvi yako yote umeitia chunguni. Katika kitabu kipya chuma unakiacha na karibu nguvu yake yote, lakini mzigo unauzidisha, theluji kwa moja na nusu. Chumvi unaitia mezani. Njia zote mbili chakula kinalika. Balaa ni yule anayepika kwa kitabu kipya akala kwa kitabu cha zamani. Chunguni hakutia, mezani hakutia, na jengo limesimama bila usalama wowote ndani yake.

Wazee waliambiwa hivyo, wakacheka, wakaelewa. Na mwalimu wao akaenda akaandika kosa hilohilo kitabuni.

Sitaki kulifunika, naye hajawahi kulifunika. Kitabu chake cha mazoezi kilitoka mwaka 2013. Mfano wa kumi na nne ulikuwa wa paa jepesi la kenchi za chuma, mahali pa mita mia tisa juu ya bahari. Kwa kuwahurumia wale wazee, asiwatishe kwa ramani mpya za theluji, aliwawekea mzigo waliokuwa wakiujua kama sala: kilo mia moja na sabini na tano kwa kila mita ya mraba. Alikusudia kuuzidisha kwa moja na nusu kwenye mstari unaofuata, na pembeni aandike kwamba ramani mpya inadai zaidi. Mstari ule haukuandikwa. Aliyepitia kurasa zile kabla hazijaenda kupigwa chapa ni mimi, na sikuona kitu. Kitabu kikaenda kwa wahandisi sitini na mmoja.

Mmoja wao alikuwa Radoje Lakić wa Jasenov Do, kule juu kaskazini. Kwa Darinka huyu hakuwa mwanafunzi tu. Baba yake Darinka ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndoa ya Radoje, na kwetu usimamizi ni wa ukoo, hurithiwa kama shamba. Ndugu yako wa tumbo moja unaweza kumnyima salamu miaka kumi na watu wakakuelewa. Msimamizi hagombwi, hapingwi, haulizwi. Darinka hakuwa na kaka, kwa hiyo Balša, mtoto wa Radoje, alipotaka kuoa, usimamizi ukamwangukia yeye. Wazee wa Jasenov Do walinung'unika wiki nzima kwamba msimamizi amevaa sketi, kisha wakazoea.

Harusi ilipangwa Jumamosi moja ya Februari 2018, kabla ya mfungo wa Pasaka. Karamu ingefanyika katika ukumbi wa michezo ambao Radoje mwenyewe aliuchora na kuukamilisha mwaka 2014, fahari yake na ya mji mzima. Theluji ilikuwa imeanguka kaskazini siku tano mfululizo.

Ijumaa mchana Darinka alikuwa akifundisha. Mhandisi mmoja kijana, Tamara Krgović, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani, labda sijaelewa mimi. Kwenye mfano wa kumi na nne, theluji mbona hukuizidisha?"

Darinka akafungua ukurasa. Mimi nilikuwa nyuma ya darasa nikipanga vyeti, na niliona shingo yake ikibadilika rangi. Alisoma mara moja, akarudia kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akafunga kitabu.

"Umeelewa vizuri sana, Tamara. Kosa ni langu. Darasa limekwisha kwa leo."

Ofisini hakukaa.

"Zorica, ni nani amejenga paa la kenchi nyepesi mlimani kwa mfano huu?"

"Unajua ni nani."

"Sema wewe."

"Radoje."

Kadi ya mwaliko ilikuwa imeegemezwa kwenye taa ya meza yake, na hakuna kati yetu aliyeitazama.

Alimpigia Radoje simu hapohapo, nami nilisikia kila neno maana bwana yule huongea kwenye simu kama yuko ng'ambo ya mto.

"Msimamizi! Nina wageni mia tatu na arobaini na wanakondoo kumi na wanane, na wewe unaniletea hesabu?"

"Hamisha karamu, Radoje. Popote. Nakuomba."

"Paa limestahimili majira manne ya baridi."

"Manne yenye theluji ya kufika kwenye kifundo cha mguu."

"Basi mpigie mkaguzi wa manispaa aje kesho akague. Na atakuja, nimemwalika." Akacheka. "Lala, msimamizi. Unaogopa hotuba tu."

Darinka akampigia aliyekuwa mkurugenzi wetu miaka hiyo. Huyo alimshauri asubiri Jumatatu, kisha ukurasa ule ubadilishwe kimyakimya katika toleo la pili, kwani nani atajua. Darinka alikata simu bila kuaga, jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla wala baada. Nilimwambia aache, ameshaonya, ametimiza wajibu. Akanijibu kwamba wajibu wa kuonya ni wa mtu aliyeliona kosa, wa aliyelitenda ni mwingine. Ndipo nikajua kesho nitampeleka mimi, kwa gari langu.

Jumamosi asubuhi tulipanda mlimani, minyororo kwenye magurudumu. Tulipotoka kwenye korongo, upepo wa kusini ulikuwa umegeuka na mvua ikaanza, ile mvua nyembamba ya uvuguvugu ambayo watu wa mjini huifurahia. Theluji hainyeshewi ikayeyuka mara moja. Kwanza inainywa mvua yote na kubaki nayo. Darinka alikuwa amevaa gauni la rangi ya damu ya mzee na viatu vya theluji.

Kanisani alifanya kila kitu cha msimamizi. Kanisa lile ni la mawe, lina miaka mia mbili, na nadhani ile ilikuwa saa pekee siku ile aliyopumua. Baada ya ibada msafara ukaelekea ukumbini kwa akodioni na mwenye bendera mbele. Sisi wawili tukazunguka nyuma, jikoni.

"Naomba mizani yenu ya nyama," aliwaambia wapishi, "na koleo, na ngazi."

"Unataka kupima nini, mama?" akauliza mpishi mkuu. "Nyama tumeshapima."

"Theluji."

"Hiyo mbichi, haitatosha wageni."

Nilishika ngazi huku nikimtukana kimoyomoyo. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, amevaa gauni la harusi, akapanda juu ya paa la stoo iliyobanana na ukumbi, akakata bonge la theluji kwa rula yake, sentimita thelathini kwa thelathini, kutoka juu hadi kwenye bati, akaliteremsha vipande vipande ndani ya ndoo. Mizani ya nyama ikasoma kilo ishirini na moja, uzito wa ndoo umeshatolewa. Akaandika kwenye kiganja. Kwa mita ya mraba ni kilo mia mbili thelathini na tatu, na mvua bado inanyesha. Paa lilikokotolewa kwa mia moja na sabini na tano, bila akiba.

"Kwa hesabu," akaniambia, "hili paa limekwisha kushindwa. Linasimama kwa hisani."



Kwetu hakuna mgeni anayegusa mkate kabla msimamizi hajaketi kwenye kiti chake, mwanzo wa meza kuu. Watu mia tatu na arobaini walikuwa wameshakaa, supu imeshaletwa, na kiti kiko wazi. Darinka akasimama kizingitini, viatu vimelowa, hakuingia.

"Msimamizi, supu inapoa," Radoje akaita, glasi mkononi.

"Siketi, Radoje."

"Unaumwa?"

"Paa lako linaumwa, na mimi ndiye niliyeliambukiza. Nimelipima. Watoe watu."

Radoje akaja hadi mlangoni, bado anatabasamu kwa ajili ya wageni. Mkaguzi wa manispaa naye akasogea, leso kifuani.

"Mama, leo Jumamosi," akasema mkaguzi. "Ofisi imefungwa."

"Theluji haijafunga."

"Darinka," Radoje akasema kwa sauti ya chini, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina. "Mwanangu yuko pale. Ukoo wa bibi harusi wote uko pale. Ukinifanyia hivi mbele yao, mimi sina msimamizi tena. Nyumba yangu na nyumba yenu basi."

"Najua."

"Unajua, na bado?"

"Nikiketi wataanza kula, na wakianza kula hawatatoka. Siketi."

Kisha akapaza sauti. Nimemsikia akifundisha madarasa zaidi ya mia, lakini sauti ile sikuijua. Alisema yeye ni mhandisi Darinka Bojović, kwamba aliandika kitabu chenye kosa, kwamba paa walilo chini yake limejengwa kwa kitabu hicho, na kwamba mwenye lawama ni yeye, si Radoje Lakić. Akawaomba watoke polepole, waanze walio katikati.

Hakuna aliyeinuka. Mtu mmoja akasema msimamizi kalewa mapema, na meza tatu zikacheka. Mjomba wa bibi harusi akasema harusi ikikatizwa ni nuksi ya miaka saba. Juu yetu mvua ilikuwa ikigonga bila haraka, na mimi, nakiri, nilikuwa nimeshahesabu hatua kutoka pale niliposimama hadi uani. Zilikuwa sita. Nilikuwa naona haya kwa ajili ya rafiki yangu, na nilikuwa naogopa, na sijui lipi lilikuwa kubwa zaidi.

Aliyeinuka ni Itana, bibi harusi. Akakusanya shela lake mkononi kama mtu anayevuka dimbwi.

"Mkwe wangu, nisamehe," alimwambia Radoje, bila kupaza sauti. "Huyu mama amesimamia ndoa yangu saa moja iliyopita. Siwezi kukaa mahali ambapo yeye hakai. Balša, chukua mkate."

Balša akachukua mkate. Mwenye akodioni akamfuata, kwa kuwa alilipwa kumfuata bibi harusi. Baada ya hapo ikawa aibu kubaki. Ilichukua dakika ishirini na tano, na Darinka alisimama kizingitini hadi mtu wa mwisho, ajuza aliyekataa kuiacha supu yake, alipotoka na bakuli. Radoje alipita mbele yake bila kumtazama. Karamu ilihamia kwenye gereji ya zimamoto, katikati ya magari mawili mekundu, na sisi wawili hatukualikwa.

Paa halikuanguka. Wala siku ile, wala usiku ule, wala kesho yake. Jumatatu wazimamoto walipakua theluji, na wahandisi watatu kutoka nje ya Kituo wakapima. Kenchi mbili kati ya kumi na mbili zilikuwa zimepinda upana wa vidole vinne na hazikunyooka tena. Kwa mhandisi, hayo ni maneno ya kumfanya akae chini. Kwa Jasenov Do, paa lilikuwa juu na harusi ilikuwa imevunjwa, na hadithi ya msimamizi aliyekimbia theluji ikawa mzaha wa kila baa.

Wiki ileile aliandika barua sitini na moja kwa mkono wake. Majengo tisa yaliimarishwa kutokana na barua hizo. Alipeleka na barua ya kujiuzulu, ikakataliwa. Katika kila toleo lililofuata aliuchapa mfano wa kumi na nne mara mbili, wenye kosa upande wa kushoto, uliosahihishwa upande wa kulia, na chini yake: kosa la D. Bojović. Alitembea na ukurasa huo hadi miji ya Pljevlja, Bar na Nikšić, mbele ya wahandisi mia sita na zaidi. Kila mara niliona anavyovuta pumzi kabla ya kuufungua.

Radoje hakumsemesha kwa miaka saba. Mama yake Darinka alipofariki, ukoo mzima wa Lakić ulikuja mazishini isipokuwa yeye. Sikumsikia Darinka akilalamika. Alikuwa akisema tu kwamba bei ilitajwa wazi mlangoni, naye aliikubali. Lakini kila sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yao alikuwa akiweka sahani moja zaidi mezani, na anayedhani hilo halikumuuma hajawahi kuwa na msimamizi.

Darasa lake la mwisho lilikuwa Aprili mwaka huu. Watu ishirini na watatu. Nilipokuwa nikikusanya sahihi, ya mwisho ilisomeka R. Lakić, miaka sitini na sita. Alikaa kiti cha nyuma, koti hajavua. Darinka alimwona, akaendelea kufundisha, na ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini ameandika tarehe ya siku ile mara mbili ubaoni. Saa tano na nusu wakafika kwenye ukurasa ule.

"Aliyefanya kosa hili ni mimi," akasema, kama alivyosema kila mara, akaandika jina lake ubaoni.

Radoje akainua mkono.

"Mwalimu, hapo unalidanganya darasa."

Akatembea hadi mbele, polepole, kwa sababu ya goti lake bovu. Alizungumza akiwatazama vijana, si yeye.

"Kitabu kilikosea mstari mmoja. Mimi nilikuwa na penseli, kikokotoo na miaka thelathini ya kazi, na sikuhesabu. Nilinakili. Mngeniuliza kwa nini, ningewaambia kitabu kimeandikwa na msimamizi wangu, na kwetu msimamizi hakaguliwi." Akawageukia walio nyuma. "Wakati ule nililiona hilo kuwa heshima. Mwanangu alikuwa ameketi chini ya kenchi ya sita. Ni moja ya zile mbili."

Akachukua kalamu ya ubao, na chini ya jina la Darinka akaandika lake. Kisha akamsogezea kiti.

"Keti, msimamizi," akasema. "Umesimama sana."

Darinka akaketi, akalia mbele ya darasa zima, na vijana ishirini na wawili wakajifanya wanasoma kuhusu theluji.

Darinka, Kituo kinakushukuru. Mimi nakushukuru kwa kunifundisha kusoma mstari ambao haukuandikwa. Tunakuombea miaka mingi ya kahawa isiyopoa, magoti yenye nguvu, na majira ya baridi ya kutazama dirishani bila kupiga hesabu, ingawa hili la mwisho hakuna anayeamini. Kule Jasenov Do watu mia tatu na arobaini wanabishana hadi leo kama paa lile lingeanguka au lisingeanguka. Wewe ndiye uliyewaacha wazima wa kubishana. Kaa salama, mwenzangu.